Anthelme Burdiat, Mpanga Herufi Aliyeketi Upande wa Washitakiwa

Ndugu, jamaa, majirani wa kilima na ninyi mliopanda kutoka mjini, poleni kwa njia na poleni kwa baridi. Mama ameniomba nisome maisha ya marehemu kwa sababu yeye hapendi kusimama mbele ya watu, na kwa sababu mimi ndimi niliyekaa naye miezi ya mwisho nikiandika aliyoyasema. Ninaitwa Pernette. Marehemu hakunizaa. Alinikuta nina miaka mitatu, nimejificha nyuma ya sketi ya mama yangu. Hata hivyo sijawahi kumwita jina jingine zaidi ya Baba, na leo sitaanza.

Marehemu Anthelme Burdiat alizaliwa Ijumaa, tarehe 17 Machi 1809, mtaa wa Saint-Georges, hapa Lyon. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mathieu Burdiat, mfumaji wa hariri, na mkewe Claudine. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, na karibu chote kilichukuliwa na mtambo wa kufumia. Watoto walilala kwenye dari ya mbao juu yake. Baba alisema kwamba kelele za mtambo hazikuwahi kumwamsha utotoni. Kilichomwamsha ni pale uliponyamaza, maana hapo alijua kazi imekwisha nyumbani.

Mwaka 1817, Anthelme akiwa na miaka minane, mama yake alifungwa miezi minane kwa ajili ya uzi. Wengi wenu mnajua mambo hayo, lakini vijana huenda hawajui. Mwenye hariri alimpa mfumaji uzi kwa mizani, na kitambaa kilipokamilika alikipima tena. Wapo waliobakiza uzi kidogo wakalowanisha kitambaa ili uzito utimie. Wenye mali waliuita wizi. Kilimani tuliuita wakia, kile kipimo kidogo cha mizani, basi. Tulisema fulani kashikwa kwa wakia kama mtu anavyosema fulani kashikwa na mafua. Claudine aliporudi, mwanawe alimuuliza kama ni kweli yeye ni mwizi. Mama yake alikuwa akimenya njugu za kuchoma na hakuacha kumenya.

"Mwaka ule mkate ulipanda na ujira ukashuka," akamwambia. "Mimi nikabaki pale katikati, nanyi mko mikononi."

Baba alikuwa akisema kwamba jibu lile alilisikia akiwa na miaka minane na akalielewa akiwa na thelathini.

Alisoma kwa mabruda majira matatu ya baridi tu, kuanzia 1818 hadi 1821. Wakati wa kiangazi alihitajika nyumbani kuvuta kamba za mtambo. Alijua kusoma vizuri, kuhesabu vibaya, na kuimba hakujua kabisa, jambo ambalo bruda mmoja alilitangaza mbele ya darasa zima. Tarehe 2 Septemba 1822 alipelekwa kujifunza kazi kwenye kiwanda cha chapa karibu na daraja la Saône. Huko akajifunza kusoma upya, safari hii kinyumenyume, kama herufi za madini ya risasi zinavyotaka. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa anaweza kusoma barua iliyo mkononi mwa mtu aliyeketi mbele yake mezani, na Mama alimkataza kufanya hivyo kwenye nyumba za watu.

Alifanya kazi ya kupanga herufi kwa miaka kumi na minne kabla ya kuandika neno lake mwenyewe. Mwaka 1836 aliungana na watu saba waliokuwa wanatoa gazeti dogo lililoitwa Upatano. Walikuwa wafuasi wa yale mafundisho kwamba hakuna tamaa ya binadamu iliyo mbaya tangu kuzaliwa, ila kuna tamaa zilizowekwa mahali pasipo pake. Walitaka kujenga makao ambamo kila mtu angefanya kazi anayoipenda, na hata mtu wa fujo angepata kazi inayofaa fujo zake. Makao hayo hayakujengwa. Lakini kila Jumamosi gazeti lilitoka, na ukurasa wa tatu ulikuwa wa Anthelme.

Ukurasa huo ulikuwa wa mahakama. Magazeti makubwa yalijaza safu kwa mauaji na visu ili wenye mali wafunge milango na kuwaogopa wafanyakazi. Yeye aliketi kwenye benchi lile lile la wananchi, upande ulio karibu na washitakiwa, akaandika mengine. Wiki moja aliweka kesi mbili sambamba. Mwenye kinu aliyechanganya chokaa kwenye unga alitozwa faini akaenda kula chakula chake cha mchana. Aliyeiba mkate wa unga ule ule alipata miezi sita. Hakuongeza neno hata moja chini yake.

Baadaye aliongeza. Aliandika kwamba ndani ya kosa mna nguvu, na kwamba nguvu hiyo ni ya kisiasa hata kama mwenyewe hajui. Alisema kwamba anayekataa kukaa pale alipopangiwa anakataa kwa mwili wake kile ambacho wengine wanakikataa kwa midomo tu. Ukiifungia nguvu ile gerezani haifi, inaoza. Ukiipa kazi inajenga. Aliyempendeza kupita wote alikuwa mtu mmoja aitwaye Fleury Barmont, mzururaji wa miaka ishirini na miwili, aliyeletwa mahakamani kwa kukosa makazi. Hakimu alimuuliza kazi yake.

"Natembea, Mheshimiwa."

"Kutembea si kazi."

"Jaribu kutwa nzima bila kula, Mheshimiwa, halafu uniambie."

Watu walicheka hadi benchi zikatikisika. Fleury alipata miezi mitatu, na Anthelme akamwandikia nusu ukurasa. Mwandishi alimpenda mshitakiwa wake. Nadhani alimpenda kupita kiasi, na yeye mwenyewe alikiri baadaye.

Mnamo Novemba 1838 akaletwa mwanamke mjane, kwa kosa la wakia. Anthelme akamwona mama yake mwenyewe kizimbani. Akaandika kwa machozi. Akasema mwanamke huyu ni askari asiye na sare katika vita ambavyo hakuvitangaza yeye. Akataja jina lake lote: Philiberte Chavent.

Philiberte aliachiliwa baada ya wiki mbili kwa kukosa ushahidi. Siku ya tatu akaingia kiwandani na gazeti mkononi na mimi nyuma ya sketi yake. Nakumbuka harufu ya wino tu. Mengine nimesimuliwa na wote wawili, na hawakuwahi kuyasimulia sawasawa. Ila maneno haya hawakupingana juu yake.

"Wewe ndiye Burdiat?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimetoka ndani sina hatia. Nimekwenda kwa wenye hariri watano kuomba kazi, na watano wote wamekusoma. Nani alikutuma unifanye bendera? Mimi nina mtoto."

Mpanga herufi mwenzake alimwambia Anthelme baadaye kwamba hajawahi kuona mtu mwenye maneno mengi hivyo akikauka kama tofali. Jioni ile akapanda kilima na kumwomba msamaha. Siku ya pili akapanda tena na gunia la makaa. Siku ya tatu Philiberte alimwambia kama anapenda kupanda ngazi, basi apande na maji. Alipandisha maji ghorofa ya nne kwa miezi kumi na minne. Toka siku ile hakutaja tena jina la mshitakiwa gazetini bila kumwomba ruhusa, na wengi walipomnyima aliandika bila jina.

Walifunga ndoa tarehe 8 Februari 1840. Bibi harusi aliweka sharti moja, kwamba asiandikwe. Karamu ilikuwa ya mkate, jibini nyeupe ya vitunguu vya majani na mvinyo wa Beaujolais. Mshona nguo Ennemond Vachez, rafiki mkubwa wa marehemu, alimshonea koti la harusi bure. Tarehe 1 Novemba 1843 Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, mdogo wangu Toussaint. Lakini kabla ya hapo walipita mahali pagumu, na Mama ameniambia nisiruke.

Mzee Ennemond yuko hapa mbele yangu, naye amenipa ruhusa. Mwaka 1841 alikuwa na wazo kali kuliko la Baba. Alisema kama kosa ni nguvu, tuitumie. Mjini kuna maelfu wasio na cha kupoteza, wanaojua kila ukuta na kila dirisha. Waamshwe siku moja, na wenye mali hawatalala tena mpaka wagawe. Baba alikataa. Alisema anawajua watu hao kwa sura, na hakuna hata mmoja aliyemwambia anataka kuwa jeshi la mtu. Walibishana majira yote ya kiangazi, wakati mwingine wakitembea kando ya mto, mmoja akisimama na mwingine akisonga mbele akiendelea kusema peke yake. Ennemond akaanza mikutano yake nyuma ya duka. Fleury Barmont alihudhuria. Baba ndiye aliyemtambulisha.

Januari 1842 polisi walivunja mkutano ule. Ennemond alihukumiwa miaka miwili. Anthelme hakuwepo mkutanoni, lakini alikuwa ameandika makala kuhusu nguvu iliyo ndani ya kosa, akashitakiwa kwa kuchochea chuki dhidi ya mali, akapewa miezi kumi. Walipelekwa magereza tofauti.

Huko ndani marehemu alisema alijifunza zaidi kuliko kwenye benchi la mahakama kwa miaka sita. Alikuta watu wapole na watu wa kutisha, na mara nyingi ni mtu yule yule, asubuhi na alasiri. Alikuta pia kwamba mwizi aliyetoka alipewa karatasi iliyomfungia kila mlango wa kazi, kisha polisi akamfungulia mlango mmoja tu, wa kuja kusimulia wafumaji wanasema nini. Mwezi wa Mei aliletwa uani Fleury. Alikuwa na tumbaku, na walinzi walimwita kwa jina la kwanza. Baba alimtazama wiki nzima, kisha akamfuata ukutani akamuuliza kama ni yeye aliyemuuza Ennemond.

Fleury hakukana.

"Uliniandika vizuri," akasema. "Nilisomewa, nikafurahi. Lakini wewe uliniandika, Burdiat. Wao walinilisha."

Baba aliniambia kwamba hasira yake ilipotea pale pale, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakikuwa na mtu wa kukielekeza ila yeye mwenyewe.

Alitoka tarehe 26 Novemba 1842. Wenzake wa Upatano walijua kuna msaliti, na walihisi kwamba Anthelme amekwisha kumjua. Wakamtaka ataje jina. Wale marafiki wa Ennemond walikuwa na hasira ya haki, na mto wa Rhône ulikuwa karibu. Marehemu alijua jina likitoka mdomoni mwake, mtu atakufa. Akakataa. Wakamuuliza kama anamlinda aliyemfungisha ndugu yake Ennemond. Akajibu ndiyo, anamlinda, na kwamba hataki kuua mtu aliyenunuliwa kwa bakuli la mchuzi. Walimwondoa gazetini siku hiyo hiyo. Ennemond alipotoka mwaka 1844 alipanda ngazi zetu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilisikia.

"Miaka miwili, Anthelme. Nipe jina."

"Siwezi."

"Basi usinijue tena."

Akashuka. Mama alikwenda dirishani kumtazama hadi alipopinda kona. Baba aliketi na mikono juu ya magoti, na hakula usiku ule wala kesho yake.

Makala yake ya mwisho aliichapa mwenyewe kwenye karatasi moja na kuigawa bure. Alisema hakukosea aliposema kosa ni nguvu. Alikosea alipodhani nguvu hiyo inamngoja yeye. Wenye madaraka waliwahi. Wanaitumia kila siku dhidi ya wafanyakazi. Mwenye njaa atakuwa wa yule atakayemfikia kwanza, kwa hiyo kazi yetu ni kuwahi, na kuwahi na chakula kabla ya maneno. Mama aliisoma akasema hii sasa imeandikwa na mtu aliyepandisha maji.

Aprili 1845 walifungua karakana ya ushirika kwenye mteremko wa Saint-Sébastien, mitambo minne ya kufumia ya wanachama na meza moja ndefu. Aliyetoka gerezani asubuhi alikuta nafasi mezani mchana, na wiki ile ile aliwekwa karibu na mfumaji wa kumfundisha. Mama aliongoza mitambo. Baba alisimama kwenye lango la gereza siku za kuachiliwa. Uzi haukupimwa ndani ya nyumba ile. Wenye hariri walituambia tutaibiwa, na ni kweli tuliibiwa: uzi, vijiko, mara moja mlango wa jikoni mzima, ambao hadi leo hatujui ulipitishwa wapi. Baba aliusifu mlango ule kwa miaka. Alisema mtu mwenye akili ya kupitisha mlango mlangoni hastahili kupotezwa, na kama yumo humu leo, ninamwambia kwamba marehemu hakumkasirikia. Mama alimkasirikia, maana ilikuwa Desemba.

Wengi waliondoka kama walivyokuja. Wengi walibaki. Baadhi yao ndio waliolibeba jeneza hili kupanda kilima.

Fleury naye alikuja. Alikuja mara tatu na kuondoka mara tatu, mara ya mwisho na koti la harusi la Baba. Mama alitaka kumfuata. Baba akasema aachwe, kumekuwa na baridi. Fleury alikufa kwa kifua hospitalini mwezi Machi 1850, amelivaa. Hakuwa na ndugu. Marehemu alimzika peke yake, na aliporudi alisema tu kwamba koti lilikuwa limemkaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Desemba 1851, serikali ilipobadilika, karakana ilifungwa kwa amri na mitambo ikatiwa lakiri. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alirudi kupanga herufi: vibandiko vya chupa, ratiba za mashua, kadi za misiba. Hakuacha kwenda langoni siku za kuachiliwa. Sasa hakuwa na karakana ya kuwapeleka, kwa hiyo aliwaleta nyumbani. Mimi na Toussaint tulikua tukijua kwamba asubuhi unaweza kumkuta jikoni mtu usiyemjua, akiosha vikombe kwa aibu, na kwamba humuulizi katoka wapi.

Risasi ya herufi ilimwingia mwilini kidogo kidogo, kama inavyowaingia wote wa kazi ile. Kuanzia 1865 tumbo lilimsokota, kisha mkono wa kulia ukaanza kulegea hadi herufi zikamponyoka. Aliacha kazi tarehe 30 Mei 1868. Daktari aliagiza maziwa na kupumzika, maziwa aliyanywa. Kuanzia Oktoba hakushuka ngazi. Alilala karibu na dirisha akinitaka nimsomee magazeti, akinisahihisha niliposoma upesi. Alipozidiwa aliona haya kuliko alivyoona maumivu, kwa sababu sasa ni Mama aliyepandisha maji, naye alimwomba msamaha kila ndoo. Mama alimwambia anyamaze, yeye anahesabu, na bado hajamfikia.

Alhamisi ya tarehe 28 Januari mlango uligongwa. Mzee Ennemond aliingia, kofia mkononi, akaketi kwenye kiti changu. Miaka ishirini na mitano ilikuwa imepita. Mgeni ndiye aliyeanza.

"Alikuwa Fleury, sivyo?"

Baba akajiinua kidogo kitandani.

"Nimejua tangu 1850," Ennemond akasema. "Niliambiwa umemzika peke yako. Nikasema, mtu hamziki mzururaji peke yake kwenye theluji bila sababu."

"Mbona hukuja?"

"Kwanza nilikuwa na hasira. Kisha nikaona haya kwa hasira iliyokaa muda mrefu hivyo. Na haya nazo zikakaa."

Baba alinyoosha mkono wake mbovu, na Ennemond akaushika kwa yote miwili. Akamwambia bado anaona Baba alikosea. Kwamba wengine walifungwa baadaye kwa maneno ya Fleury, na jina lile lingewaokoa. Baba akasema huenda ni kweli, na kwamba ameliwaza jambo hilo kila mwaka na hajapata jibu linalomwacha alale. Ennemond akasema basi wawili hawalali. Wakacheka, Baba akakohoa, na Mama akaleta mvinyo ambao daktari alikuwa ameukataza. Toka siku ile Ennemond alikuja kila alasiri, wakaendelea na ubishi wa mwaka 1841 kutoka pale walipouachia.

Marehemu alituaga Jumanne, tarehe 9 Februari 1869, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, siku moja baada ya kutimiza miaka ishirini na tisa ya ndoa. Kabla ya hapo aliuliza leo ni siku gani. Mama alimwambia Jumanne. Akasema vizuri, kesho ni siku ya kuachiliwa, mtu aende. Toussaint alikwenda, akamleta mtu mmoja. Yuko nyumbani, anatulindia moto.

Marehemu ameacha mjane, Philiberte. Binti, Pernette, na mumewe Antide. Mwana, Toussaint, mpanga herufi. Wajukuu wanne, Claudine, Mathieu, Josserande na mdogo aliyezaliwa Krismasi ambaye bado hatujampa jina. Dada yake, Étiennette, wa Saint-Georges. Na rafiki, Ennemond Vachez.

Neno la mwisho halimo katika karatasi mlizo nazo. Hakuna padri hapa leo, kama alivyotaka marehemu, na mazishi ya namna hii huangaliwa na polisi. Kuna bwana amesimama langoni na kijitabu, anaandika waliokuja. Amesimama tangu asubuhi, koti lake jepesi, na mvua imeanza. Mama anasema mtu ampelekee mwavuli, na tukimaliza aambiwe chakula kipo, aje ale kabla hajaenda kusimulia.

Baba, umepanda ngazi za kutosha. Amani uliyowatafutia wengine, leo ikupumzishe wewe.